Binti Yako Kaninyima Jina Langu kwenye Televisheni

Maalim Haji, sahibu yangu,

Mwandiko wangu unaujua, herufi zatambaa kama kaa. Lakini haya sina wa kumwambia pale barazani, maana hao hao ndio walionicheka. Na wa kulaumiwa ni binti yako.

Rukia katoa kitabu, Maalim. Hukuwahi kukiona. Ndani yake mna dalali wa samaki wa Darajani, sauti yake yasikika mpaka Mkunazini, akinadi nguru hata aliyefuata mchicha huondoka na samaki. Sasa huyo kama si mimi Makame, ni nani? Nkawaambia wote: leo Rukia anahojiwa, televisheni itanitaja! Tukakusanyika na kahawa. Mahali pako pale pembeni hapakai mtu, mpaka leo.

Mtangazaji akamuuliza waziwazi: "Huyu dalali ni mtu wa kweli?"

Ah! Mtoto akatabasamu. Akanywa maji. Akasema, "Swali zuri sana." Mimi nimenadi samaki tangu meno yote yamo kinywani, namjua mtu anayevuta muda. Kisha akamgeuzia swali yule kijana mtangazaji: "Wewe ulipomsoma, ulimwonaje?"

"Muongo kidogo," kasema yule kijana, "lakini nampenda."

Baraza zima likaangua kicheko. Ngwali mshona viatu akanipiga begani: "Makame, leo umenadiwa wewe, na mnunuzi hajatokea!" Nikaondoka, kahawa sijaimaliza.

Ijumaa Rukia akaja nyumbani na kitabu mkononi. "Shikamoo ami." Marahaba yangu ilitoka kwa taabu. Nkamwuliza, jina langu limekukwama kooni?

Akasema, "Baba aliniusia, aliye hai hatajwi mbele za watu mpaka atoe ruhusa mwenyewe. Ami, unaniruhusu?"

Wewe Maalim! Hata umekufa wanizibia njia. Neno "ndiyo" lilikuwa lishafika ulimini. Basi sijui nini kilinipata. Nikachukua kikombe, nikanywa taratibu, nikasema, "Swali zuri. Wewe waonaje?"

Mtoto akacheka, kisha akalia. Nami nikalia, usimwambie mtu. Maana mbinu ile si yake wala si yangu. Ni yako. Kila tulipokubana barazani ulikunywa funda moja, ukatugeuzia swali, mpaka tukasahau tulichouliza. Ukinikera, wallahi. Nataraji malaika walipokuuliza kaburini hukuwajibu hivyo.

Mungu akunawirishie hapo ulipo. Nakuahidi, ruhusa nitampa. Ila akutaje wewe kwanza, maana wewe sasa huombwi ruhusa. Halafu anitaje mimi, kwa sauti, Ngwali asikie.

Lakini kwanza anibembeleze kidogo.

Ni mimi Makame, dalali wa Darajani ambaye hajatokea mwengine mfano wake.