Wamezika Astilbe Zangu Chini ya Maharage

Alhamisi, mwishoni mwa Machi. Ukungu hadi saa nne, halafu manyunyu yasiyokata.

Nina hasira. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa na huzuni. Huzuni naijua, nilimzika mume wangu miaka sita iliyopita. Hii ni hasira.

Kwa wiki tatu nilikuwa ziwani, Mbamba Bay, kwa binti yangu aliyejifungua. Nilirudi Jumanne, basi likipanda milima nyuma ya malori ya makaa ya mawe. Nikaweka mzigo ndani, na kabla sijanywa hata maji nikateremka nyuma ya nyumba, karibu na kijito, kuyaona maua yangu.

Nilikuta ngoro.

Wasomaji wangu wengi wa ukurasa huu mlikuwa wanafunzi wangu, na wengine hamjawahi kufika Umatengoni, kwetu milimani, kwa hiyo nieleze. Huku tunalima kwenye miteremko mikali. Mwezi wa tatu watu hufyeka nyasi na kuziacha zinyauke. Wanaume huzilaza chini kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya zile nyasi. Katikati hubaki shimo la kushika maji ya mvua, pembeni huinuka matuta, na juu ya matuta hupandwa maharage. Nyasi zinaoza chini na kuwa mbolea. Hiyo ndiyo ngoro. Nimeifundisha darasani miaka yangu yote ya ualimu wa kilimo na sitaisema vibaya leo.

Ila safari hii nyasi zilizolazwa zilikuwa astilbe zangu.

Astilbe ni ua ambalo Kiswahili hakijalipa jina. Mizizi yake nilipewa na sista mmoja mzee wa misheni alipokuwa akirudi kwao. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, na ua lenyewe husimama kama unyoya, jeupe au la waridi. Halipendi jua. Linapenda kivuli, udongo mweusi wenye unyevu, na hali ya hewa ya baridi kama yetu. Mimea mingi ya maua hunyong'onyea kivulini, lakini hili huko ndiko linakonawiri. Mahali pale chini ya migrevilea yangu, miti ya kivuli, kando ya kijito, ni kama pametengenezwa kwa ajili yake.

Halifi baada ya kuchanua. Hapo ndipo watu wanapokosea. Manyoya yanakauka, yanakuwa ya kahawia, na baadaye, baridi ya Juni ikikolea, majani nayo yanaanguka. Mtu asiyejua atasema limekufa. Lakini chini kuna shina gumu lililolala kama tangawizi, lenye macho ya kuchipulia, na mwaka unaofuata linatoka tena hapo hapo. Ndiyo maana sikuyakata manyoya makavu kabla ya kusafiri. Napenda kuyaangalia yakiwa yamesimama.

Aliyeongoza kazi ile ni shemeji yangu Oswini, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikusanya majirani, wanaume na wanawake, wakaja kwa ujima kumlimia mjane aliyesafiri. Ukisikia hivyo utasema ni mtu mwema. Kijiji kizima kinasema hivyo.

Jana nilimfuata kwake. Alikuwa anakausha kahawa iliyobaki ya msimu uliopita.

"Shikamoo, Mwalimu," aliniamkia, kwa kuwa nimemzidi umri. "Umeona tulivyokusaidia?"

"Nimeona. Maua yangu yako wapi?"

"Yale? Si yalikuwa yamekauka, shemeji. Na tena ua haliliwi."

"Hata koti lako la kanisani haliliwi, Oswini."

Akacheka. Mkewe naye akacheka, akajifunika mdomo kwa khanga. Mimi sikucheka.

Nikitoka nikakutana na Mama Gaudensia, jirani yangu, ambaye siku ile alikuwa miongoni mwa waliofunika udongo. Hakungoja nimuulize. "Mwalimu, mimi nilisema, haya ni maua ya Mwalimu, tuyaruke. Oswini akasema umemwambia mwenyewe kwamba umeshindwa na magugu ya huko chini." Akatazama miguu yake. "Sasa ningebishana na shemeji yako?"

Mimi sikumwambia Oswini neno kama hilo. Sijawahi.

Nililala na jambo hilo, na asubuhi nikalifikiria kama mwalimu wa kilimo badala ya mjane. Maharage yanataka jua. Chini ya migrevilea yatatoa majani mapana na maua machache, halafu maganda matupu. Oswini amelima maharage tangu anajua kushika jembe, hilo analijua kuliko mimi. Eneo langu la juu, lenye jua tele, wamelilima pia, nalo lingetosha. Basi kwa nini ashuke mpaka kivulini?

Hakutaka maharage. Alitaka jembe lake liwe limepita pale. Tangu kaka yake afariki amenigusia mara tatu kwamba ardhi ya kijitoni imekaa bure. Mwaka huu amepanda. Mwakani atapanda tena, mwaka unaofuata atasema ndiye anayelima pale siku zote, na wazee watatikisa vichwa kumkubali.

Na amefanya hayo kwa jina la msaada. Hilo ndilo linalonichoma. Mtu akikuibia unapiga kelele. Mtu akikulimia unasema asante, na kwa desturi yetu unapika. Jumamosi natakiwa niwapikie watu wote walioshiriki ujima ule, ugali, maharage na kitoweo, na kinywaji juu yake. Yaani niwalishe watu kwa kunizikia maua.

Nitapika. Jasho lao lilikuwa la kweli, na wengi wao walidhani wananitendea wema. Sitamnyima Mama Gaudensia sahani yake.

Lakini ile mizizi haiwezi kungoja ubishi wa ukoo. Imefunikwa siku kumi sasa, pamoja na nyasi zinazooza, na nyasi zikioza zinatoa joto. Ikikaa wiki mbili zaidi itakuwa mbolea kweli. Na kuifukua ni kuvunja ngoro iliyokwisha kupandwa, kitu ambacho Mmatengo hafanyi. Kwanza ni kuwatemea mate waliolima. Pili ni hatari, kwa sababu tuta moja likibomoka juu, maji yanaporomoka na kubomoa la chini yake, na la chini yake, hadi kijitoni.

Leo nimevunja.

Nilianza kwenye safu ya chini kabisa, ili maji yasipate tuta la kubomoa. Miche ya maharage niliing'oa na udongo wake na kuihamishia juu kwenye jua, mmoja mmoja, kwa sababu haikunikosea. Kisha nikafungua tuta kwa mikono. Shina la kwanza lilikuwa laini na lenye harufu, limekwisha. La pili jembe lilikuwa limelikata vipande viwili. La tatu nililigeuza, nikalisafisha kwa kidole gumba, nikaona macho manne ya rangi ya waridi, magumu, yamevimba. Nilikaa chini kwenye tope nikiwa nimelishika.

Nimeokoa vipande vitano. Nimevikata kwa kisu kikali, kila kimoja na macho yake, nikavipanda pale pale vilipokuwa, nikafunika kwa majani makavu. Matuta matatu nimeyafungua, na bado kuna matatu sijayafungua.

Sasa ninaungama jambo. Kazi hii niliifanya saa saba mchana, wakati kila mtu yuko shambani kwake. Niliposikia watu njiani niliinama nyuma ya mgrevilea na jembe langu mpaka wakapita. Mimi, mwenye umri huu, kwenye ardhi niliyoletwa nikiwa bibi harusi, nimejificha kama mwizi wa mihogo. Oswini hakunifanya hivyo. Nilijifanya mwenyewe, na kwa muda wote ninaoandika hapa hilo linanikera kuliko maharage yake.

Nimefikiria nitasema nini Jumamosi mbele ya watu wanapokula. Nimetunga hotuba mbili, zote nimezifuta. Maneno yangu Oswini atayacheka, na watu watacheka naye, maana ni mchekeshaji.

Kwa hiyo sitahutubia. Kesho saa moja asubuhi, wanawake wanapoteremka kijitoni kuchota maji na wanaume wanapopita kwenda kwenye kahawa, nitakuwa pale na jembe nikifungua tuta la nne. Atakayeniuliza nafanya nini nitamwonyesha jicho la astilbe na kumweleza, polepole, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Oswini akija, naye nitamweleza.

Halafu nitaendelea kuchimba.