Karavani Iliyomvujia Mama

S.L.P. 613,
Kitale.
21 Agosti 1988.

Mpendwa Shemeji Wepukhulu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia, wewe na yeyote atakayeichungulia barua hii ukiisoma, kwamba tangu Jumatano saa nne asubuhi mto wa kulalia wa Mama yako ni mkavu.

Baada ya tangazo hilo, sasa nikusalimu kama mtu. Hujambo huko Voi? Kile kikohozi ulichotuandikia kimekuacha, au bado mnaishi pamoja? Sisi tu wazima, ng'ombe ni wazima, na mahindi yamesimama vizuri, isipokuwa yale yaliyolala.

Wajua Mama alikuja kwa ajili ya macho. Daktari wa kutoa mtoto wa jicho hufika hapa mara moja kila miezi minne, na siku yake ilikuwa Alhamisi. Lakini Mama angelala wapi? Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, nami nina paa moja. Ndipo nikakumbuka karavani, ile nyumba ya kukokotwa na gari niliyoachiwa na mzungu mmoja wa Endebess aliporudi kwao. Ina kitanda, ina kabati, ina sinki isiyojua maji. Baba yako mdogo alikuja kutoka Sirisia, akaizunguka mara mbili, akapiga gurudumu teke, akaamua kwamba kitu chenye magurudumu si nyumba. Mama akaingia. Nilijiona wakili.

Jumatatu ikanyesha mchana kutwa. Dada yako Rispah alipompelekea chai alimkuta mama yake ameketi kitandani na sufuria mapajani, anapokea matone. Hakulalamika, maana mtu halalamikii paa la mkwe. Alisema tu kwamba amewakumbuka kuku wake wa Sirisia, na kesho atapanda gari la Bungoma.

Rispah alilia jikoni. Daktari alikuwa ameshasema kwamba jicho la kulia halitangoja miezi minne mingine. Akamwomba mama yake siku tatu, akapewa moja.

Sasa fikiria kazi yangu. Kuingia mahali alipolala mama mkwe siwezi. Kupanda juu ya paa na kumkanyagia kichwani siwezi kabisa. Kwa hiyo fundi wa karavani hii alifanya kazi akiwa katikati ya shamba la nyanya, mgongo ameuelekeza kwenye karavani asije akatazamana na mama mkwe, daftari mkononi. Juu ya paa nilimweka jirani yetu Kimaiyo, ambaye hana mama mkwe humo. Ndani alikuwa Rispah.

Nilimwagiza Kimaiyo apake lami kwenye maungio ya bati, sawasawa juu ya mto. Akapaka, akamwaga ndoo ya maji. Rispah akaita kwamba tone bado linadondoka. Akapaka tena, likadondoka tena. Nikatumia nafasi hiyo kueleza, kwa kirefu, jinsi yule mzungu alivyokuwa mzembe wa kutunza vitu. Mara ya tatu Kimaiyo akasema lami sasa ni nzito kuliko gari.

"Si ugeuke uangalie mwenyewe, bana. Kwani mama ni simba?"

Nikamjibu kwamba simba ningemgeukia.

Jumatano asubuhi kikapu cha Mama kilikuwa kimefungwa, kiko mlangoni. Kimaiyo akamwaga ndoo ya mwisho, safari hii polepole, na sote tukawa kimya kwa uchovu. Mama alikuwa ameketi kitandani, leso ya safari begani. Akasema bila haraka:

"Rispah, mwambie mtu wa nyanya maji hayaanzii kwa kichwa yangu. Yanaanzia kule kwa mlango. Yanatembea kwa dari, ndiyo yanakuja kulala na mimi."

Sisi wenye macho tulikuwa tumeangalia tone. Yeye alikuwa amelisikiliza. Rispah akapaka unga wa ngano kwenye maungio ya dari, Kimaiyo akamwaga maji upande wa mlango, na unga ukaanza kulowa mstari mmoja, unatembea kama siafu hadi juu ya mto. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, la skrubu. Kimaiyo akaliziba kwa kipande cha tyubu na lami. Tukamwaga ndoo nne, hakuna tone. Kikapu kikafunguliwa.

Alhamisi Mama akatibiwa, na jana wakamfungua bendeji. Anaona, shemeji! Alimtazama mjukuu wake, akasema amekonda. Kisha akatazama mbali, akauliza kama yule kwenye nyanya ndiye aliyemwoa binti yake miaka tisa hii. Akaambiwa ndiye. Akasema alidhani ni mrefu. Niliipokea kauli hiyo kwa mgongo, na sijawahi kufurahi hivyo kusemwa.

Kuku wa Sirisia hawatajwi tena. Mama anasema atakaa mpaka mahindi mabichi yaishe.

Msalimie Sellah na watoto, mmoja mmoja, asirukwe mtu. Rispah anakusalimu, na Kimaiyo pia, ambaye bado ana lami masikioni. Mungu akulinde kazini na akurudishe nyumbani Desemba, Mama akuone kwa macho yake.

Wako akupendaye, shemeji yako,
Mukhisa.

N.B. Lile tundu nililitoboa mimi, siku mbili kabla Mama hajafika, nikifunga eriali ya redio.