Babu na Kikosi cha Zege

Jumatatu, 12 Mei
Nimeanika mpunga, nimepasi sare, nimeketi na kazi ya Historia. Ijumaa nasoma mbele ya Kidato cha Tatu, kwa Kiingereza. Mwalimu amemwalika Babu. Naogopa. Kichwa cha kazi: Babu yangu baharia. Nimeshamtangazia kila mtu.

Jumanne, 13 Mei
Aibu. Nimemuuliza Babu alifika bandari zipi. Kacheka. Hajawahi kupanda meli hata siku moja! Alikuwa kwenye kikosi cha ujenzi cha wanamaji: magati, mabweni, matangi, karakana. Nchi kavu tupu. "Baharia" ni utani wa majirani, mimi nikaumeza mzima mzima. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 14 Mei
Nimefuta yote. Babu kasimulia upya. Mwanzo walikuwa mafundi wachache wa kuazimwa, wanalala kwenye mahema. Baadaye wakapata karakana yao, wakaja wahandisi, ndipo wakaitwa kikosi. Yeye na wenzake wa bara walikoroga zege lao la kwanza kwa maji ya bahari. Huku kwetu unachota mtoni, unakoroga, basi. Maji ni maji. Nondo zikaliwa na kutu, ngazi nzima ya gati ikavunjwa. Toka hapo kila mgeni kikosini alionjeshwa maji ya pipa kabla ya kushika koleo. Yana chumvi? Mwaga.

Nimeipenda hii kuliko meli. Lakini kuisema mbele yake, darasa zima likisikia? Nitamwaibisha.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwomba Babu asije. Kasema, "Mjukuu wangu, kosa lile ndilo lililotufundisha kazi. Ukiliruka, nitasimama nilisimulie mwenyewe."

Ijumaa, 16 Mei
Nimesoma. Nilianza kwa kukiri kwamba niliwadanganya. Nilipomaliza, Oswadi wa dawati la nyuma akaropoka, "Baharia wa koleo! Shikamoo, babu. Kuogelea je, unajua?" Darasa likaangua kicheko. Nikatazama sakafu.

Babu akainuka taratibu. "Marahaba. Sijui. Hao mabaharia wanaojua, walikuwa wanashukia gati la nani?"

Oswadi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Jumapili, 18 Mei
Tumetoka misa. Babu anataka nakala yake, kwa Kiswahili. Naandika, anakagua kila mstari kama anapima ukuta. Mwishoni anataka majina ya mafundi wenzake. Ametaja saba. La nane limemtoka. Kafumba macho, anatafuta. Nimengoja sana.

Nimemwachia mstari wazi.