Nilisema Hatutachoma

Jumatano. Mvua inakuja na kuondoka tangu alfajiri, na mimi leo sikukanda mahamri. Wateja wawili watatu wamebisha kuuliza kama naumwa. Nimewaambia ndiyo, naumwa. Ni rahisi kuliko kuwaambia naona aibu.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Riziki, nauza mbaazi na mahamri kando ya barabara hapa Bofu, Likoni, na ni katibu wa kikundi chetu cha usafi. Wenzangu huandika mapishi na mapenzi kwenye blogu zao, mimi naandika taka. Watu wamenicheka sana kwa hilo na sikujali, maana nilikuwa na la kujivunia.

Tulikuwa tumechoka kungoja gari la taka lililokuwa likija linapojisikia. Ndipo Bwana Omari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatoa lori lake dogo litubebee taka kila Jumanne na Ijumaa. Sisi wenye vibanda tukaweka ndoo mbele ya biashara zetu, ya chupa peke yake na ya mabaki peke yake. Chupa zikapata mnunuzi, mabaki yakaenda kwa mfuga nguruwe mmoja, na wakazi wakatoa watu wawili wa kusukuma mkokoteni nyumba hadi nyumba. Nzi walipungua kwenye mbaazi zangu. Nikavimba kichwa.

Lililokuwa likitushinda ni pampas.

Kila kukicha mtaro ulikuwa na vifurushi vipya na hakuna aliyejua vimetoka nyumba gani. Mikutanoni wanaume walisema wanawake wa siku hizi ni wachafu, na wanawake walinyamaza wakitazama kucha zao. Mimi nilijua wananyamazia nini, kwa sababu nami nimelea. Kwetu, ukichoma pampas ya mtoto umemchoma mtoto mwenyewe. Atatoka malengelenge makalioni, atashikwa na homa isiyosikia dawa. Sasa mama aliyeambiwa hayo na mamake, na mamake akaambiwa na bibi, atakupaje pampas za mwanawe uzipeleke jaani, na jaa kila mtu anajua huchomwa? Bora avizie mtaro kungali giza. Atukanwe, lakini mtoto awe mzima.

Mimi siyaamini. Nimemaliza kidato cha nne, nimefanya ukarani Changamwe miaka sita, na nina mdomo wa kumjibu yeyote. Lakini Riziki wangu alipokuwa mchanga sikuchoma hata moja. Zote nilizika.

Basi nikawaita wanawake peke yao, uani kwangu, nikawaambia pampas zifungwe mbali na taka nyingine, na mfuko ufungwe kwa kitambaa chekundu ili watu wa mkokoteni waujue. Kikundi kitazifukia shimoni kwa chokaa, nyuma ya ghala la Bwana Omari. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema hatutachoma, nawapa neno langu.

Wengi walikubali siku ileile. Mbeyu alikataa.

Mbeyu anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mtulivu, anakaanga kachiri za muhogo na kuziuza kwenye maduka. Mumewe ni fundi wa ujenzi Diani, hurudi mwisho wa wiki. Kadzo alikuwa mtoto wao wa kwanza, na alipewa jina la mama mkwe wake Mbeyu, kama desturi yetu Wagiriama. Nilikwenda kumbembeleza mara tatu. Mara ya tatu nilimpakata Kadzo, akanichafulia gauni, tukacheka mpaka machozi, nikamwambia Mbeyu kwamba mtu aliyeniharibia nguo namna hii ameshakuwa wangu, siwezi kumtendea ubaya. Ijumaa iliyofuata kifurushi chake kilikuwa mlangoni. Kitambaa alikifunga mafundo mawili, wakati wenzake wote walifunga moja.

Mwezi uliopita lori la Bwana Omari liliharibika. Wiki ya kwanza tulivumilia. Wiki ya pili mvua ikajaza maji lile shimo la pampas, hata vifurushi vya vitambaa vyekundu vikawa vinawekwa pamoja na taka nyingine pale kwenye kona ambako lori lilizoea kupakia, vikingoja. Wiki ya tatu rundo likanifika kifuani.

Na wiki hiyohiyo tukapata habari kwamba wageni kutoka kampuni moja ya vinywaji watakuja Ijumaa kutazama kazi yetu. Wakiridhika, watatupatia mapipa na tuktuk ya taka.

Bwana Omari alikuja kibandani kwangu Jumatano asubuhi, akatazama rundo, akashika kiuno. Akaniambia, "Mama Riziki, wallahi wakiliona hili wanageuza gari papo hapo. Tufanyeje?"

Yeye aliuliza tu. Aliyejibu tuchome ni mimi.

Nilijua vifurushi vimo. Nilijiambia nitavitoa kwanza, na kweli nilitoa vinne. Manyunyu yalikuwa yakinilowesha, uvundo ulikuwa haukaliki, na watu wa mkokoteni walikuwa wamekwenda zao. Vile vinne nikavirudisha. Nikamwaga mafuta ya taa na kuwasha kiberiti kwa mkono wangu huu ninaoandikia. Kona ilikuwa tupu, kila mtu alikuwa amekimbilia ndani kwa ajili ya mvua.

Taka mbichi haziwaki, hufuka tu. Zilifuka siku hiyo kutwa na siku ya pili, moshi mzito wa plastiki, na kwa sababu ya unyevu haukupanda juu. Ulitandaa chini ukaingia nyumba kwa nyumba. Katikati ya moshi niliona kitambaa chenye mafundo mawili kikijikunja. Nikatazama pembeni.

Ijumaa wageni walikuja, wakapiga picha, wakala mbaazi zangu wakazisifu. Jioni niliweka picha hapa hapa nikaandika kwamba rundo limeondolewa na wakazi kwa kushirikiana na wafanyabiashara. Mliopenda ile picha mlikuwa wengi. Sikuandika limeondolewa vipi.

Usiku wa Ijumaa hiyo Kadzo alianza kukohoa. Jumapili alilazwa. Jumanne alfajiri alifariki.

Alikuwa na miezi mitano.

Lakini kuna jambo la Jumatatu, siku moja kabla, na ndilo lililoninyima usingizi wiki hizi zote. Nilikuwa nimekaa na Mbeyu kwenye benchi hospitalini. Bila kunitazama akaniuliza, "Mama Riziki, ule moto alitia nani?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

Mwanangu! Hata hilo sikulionea haya.

Kadzo tulimzika kwao Kaloleni. Nilikwenda. Nilisonga sima, nikaosha masufuria, nikajifanya mwenye kazi nyingi ili nisikae karibu na mtu. Njiani kurudi nilikuwa nikijiambia nimonia, nimonia, daktari amesema ni nimonia. Nimonia haiji kwa kuchoma pampas. Nililishika neno hilo kama mtu aliyepewa cheti cha kuachiwa huru.

Wanawake hapa wanaamini ni wenye maduka ndio waliochoma. Hakuna aliyenigombeza. Wananisalimia vizuri, wananunua mbaazi, ila siku za taka milangoni mwao hakuna kifurushi hata kimoja. Vimerudi mtaroni. Wiki iliyopita mapipa ya wageni yaliletwa, ya kijani na ya buluu, yananukia rangi mpya, nami nikapiga makofi pamoja na wenzangu nikatamani ardhi inimeze.

Jana Mbeyu alirudi kutoka Kaloleni, peke yake, na begi moja. Mumewe hakuja naye.

Leo asubuhi nilikwenda. Nilimkuta barazani anakata muhogo wa kachiri, vipande vyembamba sana, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama. Aliniamkia shikamoo kama siku zote. Nikashindwa kuitikia. Nikakaa chini kwenye sakafu, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nikamwambia ule moto nilitia mimi.

Kisu hakikusimama.

"Nilikuuliza ukanambia hujui," akasema.

"Nilisema uongo."

"Na zangu zilikuwemo?"

Hapo ningeweza kusema sijui tena. Ulimi ulishakaa tayari. Nikamwambia, "Zilikuwemo. Nilikiona kitambaa chako."

Ndipo akaweka kisu. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kutapika maneno. Nikamwambia haikuwa ile pampas, mwanangu, usiyashike mambo hayo, ilikuwa nimonia, daktari mwenyewe alisema.

"Najua alivyosema daktari," akanijibu. "Mimi ndimi niliyekuwa nimemshika akiwekwa mpira wa kupumulia. Aliniuliza pia kama nyumbani twapikia kuni. Nikamwambia la, twapikia gesi, kwetu hakuna moshi."

Wiki tatu nimekuwa nikiwacheka wanawake moyoni kwa kuogopa moto wa pampas, na moshi wangu ulilala siku mbili ndani ya chumba cha mtoto wa miezi mitano. Sijui kama ndio uliomuua. Daktari hakusema hivyo, na pengine kikohozi kilikuwa njiani kikija hata bila mimi. Sitajua kamwe. Mbeyu naye hatajua, na nadhani yeye ndiye atakayeumia zaidi kwa kutojua.

Nililia. Yeye hakulia. Alisubiri ninyamaze, kama anavyosubiriwa mtoto, kisha akaniambia kwa nini amerudi peke yake. Mama mkwe wake amesema mbele ya watu kwamba Mbeyu ndiye aliyemponza mtoto. Kwamba alichukua uchafu wa mwanawe akawapa watu wasiojulikana wakauchome, ili aonekane wa kisasa. Amemwambia mwanawe, mume wa Mbeyu, aketi kwanza Kaloleni, afikirie vizuri kama huyu ni mke.

"Mimi nilimwambia uliahidi," Mbeyu akasema. "Hakuniamini. Asema hakuna mtu wa kuahidi jambo kama hilo."

Nilikuwa nikidhani uongo wangu unanilinda mimi na kikundi tu. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine anayekula adhabu yangu mbele za watu, na ndiye huyuhuyu aliyefiwa.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akachukua tena kisu chake.

"Haya ulonambia mimi, ukamwambie yeye. Jumamosi. Tutakwenda sote, lakini utatangulia kuingia."

Nimempigia Bwana Omari simu mchana. Nilidhani atanikasirikia. Alimuombea marehemu, kisha akasema mambo yameshapita, nisijiharibie jina, nikilisema hilo hadharani hakuna mwanamke atakayetuletea hata ganda la ndizi na mapipa yale yatageuka ya kukingia maji ya mvua. Si mtu mbaya, Bwana Omari. Ametupatia lori lake bila kudai shukrani. Na huenda asemayo ndiyo yatakayotokea.

Hata hivyo naandika, na ninawaomba mnaonisoma mkiwa majirani zangu mlisome hili kabla ya kulisikia kwa mwingine. Waliochoma si wenye maduka. Niliwapa neno, wageni walipokaribia nikaliona dogo, na nilipoulizwa na mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa nikakana. Tukifanya kazi hii ya taka na wenye biashara, na kampuni, na mapipa ya rangi zote, mtu bado atakupa kifurushi chake kwa sababu anakuamini wewe. Mimi hilo nilikuwa nalo, na nililimwagia mafuta ya taa.

Sijui nitaanzaje kwa yule mama. Nikisema nimonia, itakuwa najitetea. Nikisema moshi, nitamwachia swali lisilo na jibu, na yeye amezika mtoto mwenye jina lake. Nimeandika maneno kwenye karatasi nikayafuta mara tatu. Mimi mwenye mdomo.

Pengine sitasema mengi. Nitasema mkwe wako alikataa, nikambembeleza, nikamuahidi, kisha nikachoma mwenyewe. Halafu nitanyamaza, nisikilize chochote atakachoniambia.

Na akimfukuza mtu uani kwake Jumamosi, awe ni mimi.