Salamu Iliyonitoa Barabarani

Mjukuu wangu Somoe, marahaba. Huku Makote hatujambo, mikorosho imechanua. Unauliza kama nami niliogopa nilipojifunza gari.

Niliogopa sana. Soko huria lilipoingia, babu yako alinunua pikapu ya kubebea korosho, akanifundisha. Siku ya pili tukakutana na baba yake, anatembea kwa miguu. Kwetu mkwe hasalimiwi umekaa. Nikaachia usukani nipige goti. "Shikamoo, baba!" Gari likaingia kwenye mihogo yake.

Nikalia. Mzee akaja dirishani, akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu. Ukiwa kwenye usukani, heshima yangu ni kutazama mbele."

Siku utakayokuja ukiendesha mwenyewe, nitakungoja nje. Usinipungie mkono mpaka usimame.

Bibi yako