Vidonge vya Kifaru

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Kifaru kapimwa leo. Kwa mizani ya korosho ya ushirika! Bwana Mrisho, bwana mifugo wetu, kasema dawa ya mbwa huenda kwa uzito, na dude kama hili hawezi kulikisia. Kilo hamsini na mbili. Karani kanuna — kwa najisi ya mbwa kataka mizani ioshwe mara saba, mara moja kwa udongo, kabla ya msimu. Nimeosha mwenyewe. Mgongo wauma.

Hesabu sasa. Kifaru ana miaka mitatu. Mbwa mkubwa akitunzwa hufika kumi, kasema Mrisho. Imebaki saba. Chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo, ya kupe, na akiba ya ugonjwa wa ghafla: shilingi ishirini na nane kwa mwaka. Mara saba — mia na tisini na sita. Nimekaa kitako! Mimi mwenyewe sijawahi kutengewa hata shilingi tano za dawa.

Lakini mwaka juzi nguruwe walimaliza muhogo wote. Tangu yule Mgiriki wa shamba la katani aniachie mbwa huyu, tunavuna. Alhamdulillahi. Nimeanzisha kopo. Shilingi ishirini na nane, za mwaka wa kwanza.

Alhamisi, 5 Agosti

Chausiku kaliona kopo. Nilidhani patachimbika — mke wangu huyu haaniki hata kanga upande anaopita Kifaru. Kauliza tu, za nini? Za mbwa, nikasema, za miaka saba. Akasema sisi wenyewe hatuna kopo la miaka saba. Akarudi kusuka ukili wake. Nimeshukuru yameishia hapo.

Jumamosi, 14 Agosti

Kifaru mgonjwa. Fizi nyeupe, macho mazito. Mrisho kaja kwa baiskeli toka Bagamoyo mpaka huku Makurunge, jua kali, Mungu amlipe. Homa ya kupe. Sindano moja, na vidonge ishirini na kimoja: asubuhi, adhuhuri, jioni, siku saba. Kopo limebaki na senti hamsini! Mwaka mzima umekwenda kwa siku moja.

Kasisitiza: mpanue taya, kisukume mpaka kooni. Nikaitikia. Moyoni — mate ya mbwa mkononi mara tatu kwa siku, kila mara maji saba na udongo, na kisima nusu saa! Natia kidonge ndani ya tonge la ugali, na dagaa juu. Namtupia kwa mbali. Anakula kwa kujivuta, lakini anakula. Nimejiona mjanja.

Jumanne, 17 Agosti

Hainuki. Nguruwe wamefukua matuta mawili, na yeye kalala tu.

Chausiku alipofagia nyuma ya banda kakuta vidonge. Vinane. Vyote! Vimelowa, vimegandana na mchanga. Mbwa kala ugali, dawa katema. Vimebaki kumi na vitatu, na pesa ya vingine sina.

Nikamwambia ukweli. "Baba Ausi, uliogopa mbwa au uliogopa ndoo?"

Ndoo. Nimeona haya hata ya kula.

Jumatano, 18 Agosti

Nimetoka kuswali alfajiri, nikasikia purukushani uani. Chausiku! Kapiga magoti, mkono wa kushoto kashika taya, wa kulia umezama mdomoni mwa Kifaru mpaka kifundo. Mbwa kameza! Pembeni ndoo mbili — kateka mwenyewe, mimi bado nimelala — na bakuli la udongo. Nikammiminia maji. Kahesabu kwa sauti, moja mpaka saba. Kisha kasema, bila kucheka: "Kwenye hesabu yako ya miaka saba ulisahau maji."

Nampenda mwanamke huyu. Miaka kumi na sita na sijapata kumwambia. Nimemwambia leo, uani, ndoo mkononi. Kasema nisiimwage.

Kifaru kanyanyua kichwa kidogo. Hajasimama. Vimebaki kumi na viwili. Nimekwenda kisimani mara mbili.

Adhuhuri zamu yangu. Udongo upo. Mikono ya kanzu nimekunja. Chausiku ananiita: nimempanua, Baba Ausi, acha kuandika, njoo