Zege la Matangi Mawili

Maisaka, Babati
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mdogo wangu Rogath,

Pokea salamu za nyumbani, na kabla hujaendelea kusoma tafuta mahali ukae. Nakuuliza hali yako, na mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kila ukiinua kitu kizito, ingawa najua majibu yatachukua muda kunifikia, kama yatanifikia. Mimi sijambo. Goti la kushoto linagoma asubuhi, na macho yanataka miwani mipya kila ninapotunga uzi kwenye sindano, lakini cherehani bado inazunguka na wanafunzi wa hapa bado wanavaa sare ninazoshona mimi. Ninakula, ninalala, Jumapili naenda kanisani. Ukitaka kujua maisha yangu yote, ndiyo hayo.

Barua hii utaipata kwa mkono wa Elineema, yule dereva wa malori ambaye mama yake alikuwa akituletea maziwa. Ameniambia alikukuta Tunduma mwezi wa pili, mkala pamoja, una duka la vipuri vya pikipiki na umenenepa. Nilimwomba namba yako, akababaika, nikaelewa kwamba hukumpa. Ile ya zamani huwa naipiga kila Krismasi, na yule mama wa mtandao ananijibu kwa adabu ileile kwamba haipatikani. Sikulaumu. Nakueleza tu jinsi nilivyokuwa nakutafuta, usije ukadhani nilikaa kimya kwa raha zangu.

Mji wetu hutautambua. Mashamba ya kule Mutuka uliyokuwa ukiyaona kutoka barabarani yanakatwa viwanja, na Bagara nyumba zimesogeleana hadi mtu akipika dagaa mtaa mzima unajua. Ndiyo maana tangu mwaka jana wataalamu wanaurekebisha upya mpango kabambe wa mji, ule unaosema kwa miaka ishirini ijayo wapi watu wajenge, wapi walime, wapi iwe soko na wapi zipite barabara. Walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao, wakiuliza maswali mpaka ya choo. Kwetu alikuja dada mmoja mtaalamu wa mipango miji, anaitwa Jenipher, mrefu, ana kofia pana na sauti ya upole. Nilimpa kiti na maji ya kunywa. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuniuliza maswali mengi kiasi kile, nikajikuta namjibu hata yale ambayo hakuyauliza.

Alinionyesha kwenye kishikwambi chake kwamba barabara mpya ya mita thelathini, itakayotoka kwenye lami kuelekea Mutuka, ilikuwa imechorwa kupita katikati ya kiwanja chetu. Ingechukua jiko, ingechukua mpera, ingechukua na chumba ulichokuwa unalala. Baba alitafuta kiwanja hiki kwa jasho la ualimu, na mimi sina kwingine. Kule Rombo kihamba, shamba letu la ukoo, kipo kwa watoto wa baba mkubwa, na wewe unajua wanavyotupokea tukienda: chai moja, maswali kumi kuhusu siku ya kuondoka. Jenipher alisema ile ni rasimu tu, bado inaweza kusogezwa. Na kweli, walipoibandika ramani ukutani pale ofisi ya kata mwezi uliopita, barabara ilikuwa imesogezwa upande wa mashariki. Kwetu kulikuwa kumepona. Sababu ya kusogezwa nitakueleza hapo chini, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Upande wa mashariki, Rogath, ni kwa Zuwena.

Zuwena humjui, alihamia miaka mitano baada ya wewe kuondoka. Ni mjane, mtu wa Kondoa, ana duka la nafaka na mafuta ya kupikia mbele, na nyuma vyumba viwili anavyoishi. Binti yake Amna ameolewa Singida, kwa hiyo naye yuko peke yake, ila upweke wake una kelele kwa sababu dukani watu hawakatiki. Wangu unajua ulivyo. Mji huu kila mwanamke ni Mama Fulani, na mimi mwenye miaka hamsini na mitatu nilikuwa naitwa Fundi, basi. Kwa miaka mingi mimi na Zuwena tulikuwa watu wa salamu za uzioni. Niliponunua mchele alinipimia, nilipomshonea mapazia alinishukuru, tukaishia hapo.

Tangu mwaka jana mambo yalibadilika, akawa anakuja kwangu kila Ijumaa akitoka kuswali. Anakuja na chupa ya chai na vitumbua, anakunja mkeka kwapani, tunakaa nyuma ya nyumba mpaka jua linapinda. Mwezi wa Ramadhani alinitumia futari siku zote thelathini, nami nikamshonea dera la Idi. Ananisimulia bei ya maharage, ananisimulia marehemu mumewe, na akicheka anajipiga paja. Nilipoumwa malaria mwezi wa kwanza alifunga duka siku mbili kunipikia uji. Na ameanza kuniita jina. Ananiita Dada Rogath.

Usishangae sana, bado nakuja huko.

Wiki iliyopita ulifanyika mkutano wa wananchi kuhusu rasimu ile. Watu walikuja wachache, wengi wao wenye viwanja vilivyoguswa. Jenipher alieleza rangi za ramani moja moja, kwamba njano ni makazi, kijani ni maeneo ya wazi, na kwamba mwenye pingamizi ana mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe thelathini, kuliandika kwenye fomu. Alipofika kwenye barabara yetu alisema kwamba mwanzo ilipita kiwanja kingine, ila huko lilikutwa kaburi, ndipo ikaonekana bora kusogeza mstari upande ambao una majengo tu. Akauliza kama mwenye majengo hayo yupo.

Zuwena akasimama. Nilishukuru moyoni, nikajua atapinga, na akipinga wataalamu watatafuta njia ya tatu, na mimi nitaponea hapo bila kufungua mdomo. Zuwena akasema hana pingamizi. Alisema yeye naye alizika mume, na mtu akishalazwa haamshwi kwa ajili ya magunia ya mchele. Akasema rafu za duka huhamishika, wakimpa fidia yake atarudi Kondoa kwa ndugu zake, na kwamba kaka aliyelala pale ameshamzoea, asingependa kusikia ameondolewa kwa sababu yake. Akaketi, akanishika mkono chini ya meza. Mimi niliangalia vidole vyake.

Sasa nikuambie, mdogo wangu. Kaburi hilo ni lako.

Unakumbuka lile zege ulilomwaga mwaka 2013, juu ya tuta la mchicha la marehemu mama. Ulilimwaga refu na jembamba, kwa sababu ulisema litabeba matangi mawili yaliyofuatana, na maji ya mtaa mzima tutayauza sisi. Kabla halijakauka uliandika kwa msumari ROGATH 2013. Hukuniuliza, nami nikapandisha hasira, nikakuambia mbele ya mafundi kwamba ukitaka kuwa baba mwenye nyumba ukajenge yako, hapa usinikanyagie. Ulinawa mikono, na wiki ile ile ukaondoka. Matangi hayakuja. Zege likabaki, na kila nilipofungua mlango wa jikoni nililiona. Mwaka wa tatu nikapanda masale kulizunguka, nikijiambia ni kwa ajili ya kuzuia kuku wa jirani.

Jenipher alipozunguka nyuma ya nyumba siku ile aliona zege la urefu wa mtu, limezungukwa na masale kama makaburi ya kwetu Rombo, lina jina na mwaka. Akavua kofia yake. Kisha akanigeukia akaniambia pole sana mama. Rogath, sijui nikuelezeje. Tangu uondoke hakuna mtu aliyewahi kunipa pole kwa ajili yako. Ukifiwa, watu wanakuja, wanakaa matanga, wanakupikia. Ukiachwa na ndugu aliye hai hakuna anayekuja, na ukisema inauma wanakuuliza kwani hana simu. Ile pole iliniingia mwilini, na kabla sijafikiri nikamjibu asante, nimeshapoa. Akaandika kwenye kishikwambi chake. Bwana Msafiri, mwenyekiti wetu mpya wa mtaa, aliweka saini bila kuja kuangalia, maana nani atadanganya kuhusu kaburi.

Naapa wakati ule sikuiwaza barabara. Niliiwaza baada ya dakika kama tano hivi, wakati yeye bado yuko getini anavaa kofia, na sikumwita arudi.

Zuwena aliyasikia akiwa uzioni. Jioni ile ile alikuja na khanga kichwani, analia, akinilaumu kwamba tumeishi jirani miaka yote hii na sikumwambia nina ndugu amelala hapo. Kisha akaniuliza, maana si mjinga, kama sisi Wachaga si huwa tunasafirisha maiti zetu mpaka kwetu. Ule uongo wa kwanza niliukubali tu, huu wa pili nilijitungia mwenyewe. Nikamwambia uliomba ulazwe hapa, karibu na dada yako. Akatikisa kichwa, akasema ulikuwa kaka wa kweli. Nikalia naye, na machozi yalikuwa yangu halisi.

Basi Ijumaa zote hizo tumekuwa tukikaa kwako. Anafagia majani ya masale, anakuamkia, anakupa habari za bei ya maharage, ananiuliza ulipenda kula nini. Nimemweleza yote, jinsi ulivyoogopa bata, jinsi ulivyomwigiza padre mpaka baba akatoka nje kucheka. Nimekutaja mwaka huu mmoja kuliko miaka yote iliyotangulia. Ningeweza kuendelea hivyo mpaka nife, Mungu anisamehe. Lakini jana nilimkuta dukani anahesabu rafu, anaziwekea alama zipi atauza na zipi zitapanda gari la Kondoa, huku anaimba taratibu, nikajua siwezi.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Jenipher. Nilimwambia kila kitu nimesimama, sikutaka kiti. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama ninaelewa kwamba mstari unaweza kurudi kwangu ulikokuwa, nikamwambia ninaelewa. Akanipa fomu. Ina sehemu ya jina, sehemu ya namba ya kiwanja, na mistari mitatu ya sababu ya pingamizi. Nimeikalia mchana kutwa hapa kwenye meza ya cherehani. Mwishowe nimeandika hivi: Aliyezikwa hapa yuko hai, na anaishi Tunduma. Mistari miwili imebaki wazi, sikuona la kuongeza. Nitairudisha Jumatatu, kwa kuwa kuna mtu anayestahili kuisoma kabla yao.

Kesho ni Ijumaa. Zuwena atakuja na chupa yake na mkeka, ataketi pale pale, na kabla hajamimina chai nitamwambia. Sijui atafanya nini. Anaweza kunyanyuka aende zake, asinisalimie tena hata uzioni, na nitasema ana haki. Barabara ikichukua jiko na chumba chako, nitabaki na chumba cha mbele na cherehani, inatosha. Ninachokiogopa ni Ijumaa ya wiki inayofuata, na ile itakayofuata hiyo.

Nakuomba radhi kwa mawili. La kwanza ni yale maneno mbele ya mafundi. Nyumba ilikuwa yako pia, na mchicha ungeota popote. La pili ni kukuzika ukiwa mzima. Ndani ya bahasha nimeweka jani la sale, nimelikata pale pale kwenye zege lako. Litakuwa limekauka likifika, lakini unajua kwamba kwetu ndilo la kuombea msamaha, na unajua kwamba anayeletewa halirudishi. Zuwena naye nimemkatia moja. Yeye hajui maana yake, itabidi nimfundishe kwanza, halafu ndipo nimwombe.

Sikuiti uje kuokoa kiwanja, hicho mji utakipanga unavyoona. Ila ukijisikia kuja, shukia stendi, upande bodaboda mpaka Maisaka, na tafadhali usipite dukani kwa Zuwena kabla hujafika kwangu. Nguo zako mbili bado zipo, ingawa kwa hivyo ulivyonenepa nitazitanua ubavuni. Wasalimie walio nawe, kama wapo, na uwaambie wana shangazi au wifi huku anayeshona. Ukiwa huwezi kuja, mpe Elineema namba yako tu.

Namaliza hapa, kwani uzi wa mwanga unaopita dirishani umeshaondoka kwenye karatasi. Uwe mzima, mdogo wangu, uwe mzima kabisa. Naweka sahihi kwa jina ambalo nimebaki nalo mpaka kesho mchana, na baada ya hapo ni wewe tu unayeweza kunirudishia.

Wako,
Dada Rogath